Wahafidhina wa Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayefuatilia siasa za mrengo wa kulia Uingereza, iwe yuko Leicester au Mwanza. Mtazamo wetu ni wa kihafidhina na hatuufichi: taasisi iliyochukua karne kujengwa isivunjwe kwa hasira za msimu mmoja wa uchaguzi. Kipimo hicho tunakitumia pia kwa wahafidhina wenyewe, na mara nyingi ndiko kinakouma zaidi.

Mhafidhina wa Uingereza ni mtu wa namna gani?

Si lazima awe mtu wa dini, kama wengi wetu tunavyolielewa neno hilo. Ni mtu anayeanza na swali la nani mwenye haki ya kuamua, na jibu lake la asili ni Bunge, linalowajibika kwa wapiga kura. Chini ya hapo wanagawanyika. Wapo wa soko huria, warithi wa Margaret Thatcher aliyetawala kuanzia 1979 hadi 1990: kodi ndogo, serikali ndogo, vyama vya wafanyakazi vyenye mipaka. Wapo wa mkondo wa "Taifa Moja", wanaoamini kwamba tajiri ana wajibu kwa maskini na kwamba mabadiliko yaje polepole. Na wapo wanaoweka mbele mipaka, utaifa na uhamiaji. Hawa ndio wenye sauti kubwa zaidi siku hizi.

Tusisahau kwamba uhuru wote wa Afrika Mashariki ya Kiingereza ulipatikana chini ya serikali za Conservative, chama cha jadi cha wahafidhina. Waziri mkuu Harold Macmillan alitoa hotuba yake ya upepo wa mabadiliko mjini Cape Town Februari 1960, Tanganyika ikawa huru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Mhafidhina wa wakati ule alielewa kuachia kitu kabla hakijamponyoka.

Kwa nini Conservative walianguka vibaya mwaka 2024?

Desemba 2019, wakiwa na Boris Johnson, walipata viti 365 kati ya 650. Tarehe 4 Julai 2024 walibaki na 121. Labour ya Keir Starmer ilichukua 411.

Sababu zilizotajwa ni nyingi, lakini mbili zinatosha kueleza sehemu kubwa. Ya kwanza ni ahadi ya uhamiaji. Ilani ya 2019 iliahidi kupunguza idadi ya wahamiaji kwa jumla. Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, serikali hiyo hiyo ndiyo iliyoandika kanuni mpya za viza na kuifungulia sekta ya utunzaji wa wazee milango ya kuajiri kutoka nje. Ongezeko halisi la wahamiaji, yaani walioingia ukitoa waliotoka, likapita watu 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023. Aliyepiga kura ya Brexit mwaka 2016 ili mlango ufungwe aliona umepanuliwa na watu wale wale waliomwahidi ufunguo.

Ya pili ni Liz Truss, waziri mkuu wa muda mfupi mwaka 2022. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 kwa mwaka bila kuonyesha fedha zingetoka wapi, na bila tathmini ya OBR, ofisi huru inayokagua makadirio ya bajeti. Bei ya hati fungani za serikali ikaporomoka. Mifuko ya pensheni iliyokuwa imekopa kwa dhamana ya hati hizo ikadaiwa fedha taslimu kwa ghafla, ikalazimika kuuza hati zaidi, na kila mauzo yakazidi kushusha bei. Benki Kuu ya Uingereza iliingia sokoni Septemba 28 kuzuia mzunguko huo. Riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na Truss akaondoka baada ya siku zisizozidi hamsini. OBR ilianzishwa mwaka 2010 na George Osborne, waziri wa fedha wa Conservative. Kuiruka taasisi uliyoijenga mwenyewe kwa ajili ya nidhamu ya fedha ni kinyume cha uhafidhina, na soko lililiona hilo kabla ya wabunge.

Reform UK walipata kura nyingi 2024. Mbona viti vitano tu?

Kwa sababu kila jimbo linamtoa mshindi mmoja, na mshindi ni aliyewazidi wenzake hata kwa kura moja, kama ilivyo kwa ubunge wa jimbo Kenya na Tanzania. Hakuna mgawo wa viti kulingana na kura za taifa zima. Reform, chama cha mrengo wa kulia kinachoongozwa na Nigel Farage, walipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats walipata asilimia 12.2 na viti 72, kwa kuwa kura zao zilirundikana katika majimbo waliyoyalenga huku za Reform zikitapakaa nchi nzima. Labour walitawala kwa asilimia 33.7. Mwaka 2015 UKIP, chama cha awali cha Farage, walipata karibu kura milioni 3.9 wakaambulia mbunge mmoja.

Mfumo huu huadhibu chama chenye kura zilizotawanyika mpaka kinapofika takriban theluthi ya kura, kisha hugeuka ghafla na kukizawadia. Ndiyo sababu uchaguzi wa Mei 2025 ulishtua. Reform walinyakua madiwani zaidi ya 600 Uingereza, wakashika halmashauri kama Kent na Durham, na siku hiyo hiyo wakashinda uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby kwa kura sita.

Kosa tunaloliona kila wiki ni mtu kuchukua asilimia za kura ya maoni na kuzigeuza viti kwa hesabu ya moja kwa moja. Usifanye hivyo. Angalia jimbo: nani alikuwa wa pili 2024, kwa tofauti gani, na kura za wa tatu zinaelekea wapi.

Conservative na Reform wanatofautiana nini hasa?

Kwa mipaka wamekaribiana mno. Wote wanataka Uingereza itoke katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Conservative walilifanya kuwa sera rasmi Oktoba 2025. Kuhusu ukaazi wa kudumu, Reform walisema Septemba 2025 kwamba wataufuta kabisa na kuweka viza za kuomba upya. Hilo linawagusa hata waliokwisha kukaa miaka mingi.

Kwenye uchumi njia zinaachana. Conservative chini ya Kemi Badenoch wamerudi kwenye mstari wa kubana matumizi na kupunguza kodi. Mkutanoni Manchester, Oktoba 2025, aliahidi kufuta ushuru wa kununua nyumba ya kuishi. Nigel Farage amezungumza lugha nyingine: mwaka 2025 alitaka kiwanda cha British Steel kitaifishwe na ukomo wa posho kwa watoto wawili uondolewe. Mfuasi wa Thatcher akisikia hayo hushika kichwa.

Kuna pia tofauti ya maumbile ya chama. Conservative wana matawi, wazee wa majimbo na sheria za ndani zilizozoeleka. Reform walizaliwa kama Brexit Party, wakabadili jina 2021, na kwa miaka kadhaa walikuwa kampuni iliyosajiliwa ambayo Farage alishikilia hisa nyingi, hadi alipoachia umiliki mwaka 2025. Chama kinachomtegemea mtu mmoja huenda kasi, na huanguka naye.

Wabunge wanahama. Lee Anderson alihamia Reform Machi 2024, Danny Kruger Septemba 2025, na Januari 2026 Robert Jenrick, aliyeshindana na Badenoch fainali ya uongozi, alivuka siku ile ile aliyofukuzwa kwenye baraza kivuli. Sheria haimlazimishi mbunge aliyehama kurudi kwa wapiga kura. Tunaona hilo si sawa kwa chama kinachodai kuwasemea wananchi, ingawa ndiyo desturi ya Bunge.

Kiongozi wa Conservative anachaguliwaje, na anang'olewaje?

Kwanza wabunge wa chama hupiga kura raundi baada ya raundi, wa mwisho akiondolewa kila mara, mpaka wabaki wawili. Kisha wanachama wanaolipa ada huchagua mmoja. Novemba 2, 2024 Badenoch alimshinda Jenrick kwa kura 53,806 dhidi ya 41,388.

Kumng'oa kuko mikononi mwa wabunge pekee. Kila asiye na imani humwandikia barua mwenyekiti wa kamati ya wabunge wa chama iitwayo 1922, na barua ni siri. Zamani zilitosha za asilimia 15 ya wabunge. Baada ya uchaguzi wa 2024 kiwango kilipandishwa hadi theluthi. Kikifikiwa, kura ya imani hupigwa, na kiongozi akishinda anapata kinga ya mwaka mmoja. Habari ya "barua zimefika" ichukue kwa tahadhari, kwa kuwa idadi kamili anaijua mwenyekiti peke yake.

Mkataba wa Haki za Binadamu unawaudhi wahafidhina kwa nini, ilhali wao walisaidia kuuandika?

Ni kweli walisaidia. David Maxwell Fyfe, mwanasheria wa Conservative aliyekuwa mmoja wa waliowashtaki viongozi wa Nazi huko Nuremberg, alikuwa kati ya wasanifu wake wakuu, na Uingereza iliuridhia 1951. Mkataba huu si sehemu ya Umoja wa Ulaya. Una nchi wanachama 46, na Brexit haikuugusa. Wengi hukosea hapo.

Malalamiko yao yana mantiki. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, huusoma mkataba kama chombo kinachokua na wakati, kwa hiyo maneno ya 1950 hupewa maana ambazo hakuna Bunge lililozipigia kura. Kifungu cha 8, kinacholinda maisha ya familia, hutumika kuzuia baadhi ya wahalifu wa kigeni wasirudishwe kwao. Na usiku wa Juni 14, 2022 amri ya muda kutoka Strasbourg ilisaidia kuizuia ndege ya kwanza ya waomba hifadhi waliokuwa wakipelekwa Rwanda.

Lakini twende hatua kwa hatua tuone kutoka kunahitaji nini. Serikali hutoa taarifa ya miezi sita chini ya kifungu cha 58. Bunge lifute au lirekebishe Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, ambayo ndiyo huziwezesha mahakama za ndani kuutumia mkataba. Makubaliano ya Belfast ya 1998 yaliyomaliza vita vya Ireland Kaskazini yameutaja mkataba huo kwa jina, hivyo Dublin na pande zote za Belfast lazima zishughulikiwe. Makubaliano ya kibiashara na Umoja wa Ulaya nayo yana sehemu ya ushirikiano wa polisi na mahakama inayoweza kusitishwa Uingereza ikijitoa.

Hata baada ya hayo yote, majaji hawapotei. Novemba 15, 2023 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa sauti moja, iliukataa mpango wa Rwanda kwa sababu palikuwa na hatari ya wakimbizi kurudishwa walikotoroka, na ikaeleza kwamba katazo hilo limo pia katika mikataba mingine na katika sheria za Bunge lenyewe. Anayekuambia kwamba kujitoa Strasbourg kunamaliza kila kesi anakuuzia nusu ya hoja.

Tena, chini ya sheria ya 1998 jaji wa Uingereza hawezi kufuta sheria iliyotungwa na Bunge. Anachoweza ni kutamka kwamba sheria hiyo haipatani na mkataba, kisha Bunge ndilo liamue. Mwenye kuamini ukuu wa Bunge anapaswa kuukumbuka mpangilio huu kabla ya kushika shoka.

Mpango wa Rwanda ulifikia wapi?

Ulitangazwa Aprili 2022. Baada ya kushindwa mahakamani, Bunge lilipitisha Aprili 2024 sheria ya kutamka kwamba Rwanda ni nchi salama. Serikali mpya iliufuta Julai mwaka huo. Waliokwenda ni watu wanne, wote kwa hiari, na waziri wa mambo ya ndani aliyeingia, Yvette Cooper, alisema gharama zilifika pauni milioni 700. Wahafidhina hubishana kama ungezuia boti zinazovusha wahamiaji kutoka Ufaransa, lakini haukuwahi kujaribiwa. Kwetu, sheria inayotamka jambo la ukweli kuwa kweli kwa sababu Bunge limesema hivyo ilikuwa matumizi mabaya ya mamlaka ya Bunge.

Kila wiki nasikia kanuni za viza zimebadilika. Nitajuaje lililo kweli?

Tenganisha hatua. Hotuba ya mwanasiasa na ilani ya chama havibadilishi kitu. Waraka wa serikali hutangaza nia tu. Kanuni za uhamiaji hubadilika pale tamko la mabadiliko linapowasilishwa bungeni, kwa kawaida siku 21 kabla ya kuanza kutumika, na tamko hilo hutaja tarehe na nani hataguswa. Tafuta tarehe hiyo kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Haya ni baadhi ya yaliyokwisha kuingia katika kanuni. Wafanyakazi wa utunzaji walizuiwa kuja na wategemezi kuanzia Machi 11, 2024. Aprili 2024 kima cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipanda hadi pauni 38,700, na kipato cha anayemleta mwenzi kikawa pauni 29,000. Julai 22, 2025 kima cha mfanyakazi kikafika pauni 41,700, na mlango wa kuajiri watunzaji kutoka nje ukafungwa. Zingatia kwamba hatua za 2024 ni za Conservative na za 2025 ni za Labour. Ongezeko halisi la wahamiaji lilishuka hadi 204,000 katika mwaka ulioishia Juni 2025, na kila chama kinadai sifa.

Kinachoharibu zaidi ni ushauri wa WhatsApp. Wakala asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza anavunja sheria, na ombi lililojazwa vibaya hukataliwa bila kurudishiwa ada.

Mimi ni Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda ninayeishi Uingereza. Naweza kupiga kura?

Ndiyo, hata ya ubunge, bila kuwa raia wa Uingereza. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali chochote halali cha kuishi, kiwe cha masomo, kazi au familia, anaruhusiwa kujiandikisha kama ni mkazi. Rwanda iliingia Jumuiya hiyo mwaka 2009, kwa hiyo imo. Kwa Mtanzania hili lina uzito wa pekee: nchi yake hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na kura hii haimlazimishi kuacha pasipoti yake. Wala kupiga kura hakuvunji sharti la kutotumia fedha za umma lililoandikwa kwenye viza nyingi.

Burundi na Kongo hazimo katika Jumuiya ya Madola. Raia wake wenye kibali wanaweza kupiga kura Scotland na Wales kwa mabunge ya huko na halmashauri, lakini si kwa Bunge la London mpaka wapate uraia.

Utaratibu ni huu. Jiandikishe kwenye gov.uk ukiwa na namba yako ya National Insurance. Ni shughuli ya dakika tano hivi. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ukihama nyumba, jiandikishe upya, kwa kuwa daftari hufuata anwani na halimfuati mtu. Kura ya posta iombwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya 11 ya kazi kabla ya uchaguzi; kumteua wa kukupigia, siku ya 6.

Kituoni England unahitaji kitambulisho chenye picha, tangu Sheria ya Uchaguzi ya 2022 iliyoletwa na Conservative. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, na hata iliyokwisha muda inafaa kama sura bado ni yako. Jina lilingane na la kwenye daftari, na hapa ndipo sisi wenye majina matatu tunapokwama: ulijiandikisha kwa mawili, pasipoti ina jina la babu. Tofauti ndogo huvumiliwa, lakini ni salama zaidi kuandika kwenye daftari kama pasipoti inavyosomeka. Aliyebadili jina kwa ndoa abebe cheti. Asiye na kitambulisho chochote aombe cheti cha mpiga kura, bure, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya 6 ya kazi. Ireland Kaskazini ina orodha yake ya vitambulisho, fupi zaidi. Uchaguzi wa bunge la Scotland, wa bunge la Wales na wa halmashauri zao hauhitaji kitambulisho.

Baadhi ya wahafidhina wanataka haki hii ifutwe, wakisema kura ni ya raia. Hoja yao si ya kijinga. Hata hivyo haki hii inatoka zama ambazo watu wa makoloni walihesabiwa raia wa mfalme mmoja, na mhafidhina anayeienzi Jumuiya ya Madola siku ya gwaride aieleze vizuri sababu ya kuikata siku ya kura.

Kura ya posta huharibikaje?

Kwenye fomu inayoambatana na karatasi ya kura kuna nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Watu huandika tarehe ya siku hiyo, na kura inatupwa. Kosa jingine ni sahihi isiyofanana na uliyoweka wakati wa kuomba. La tatu ni kuituma imechelewa: lazima ifike kabla vituo havijafungwa saa nne usiku siku ya uchaguzi, na tarehe ya posta haihesabiwi. Ukichelewa, ipeleke mwenyewe kituoni ujaze fomu ya kukabidhi. Usiitumbukize tu sandukuni.

Ugomvi wa wahafidhina na BBC ni wa nini, na mimi nalipia nini?

Ugomvi una sura mbili, fedha na upendeleo. Kila kaya inayotazama televisheni mubashara hulipa leseni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025, hata kama haitazami BBC. Mhafidhina wa soko huria huona huko ni kulazimishwa kununua gazeti usilosoma. Kuhusu upendeleo, Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu baada ya kubainika kwamba kipindi cha Panorama kiliunganisha vipande vya hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021 kwa namna iliyopotosha. Hati ya kifalme inayoiongoza BBC inaisha mwisho wa 2027, na hapo ndipo vita halisi vitapiganwa.

Msimamo wetu: Idhaa ya Dunia ya BBC (World Service) iguswe mwisho. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na huduma hizo hulipiwa kwa fedha za leseni pamoja na ruzuku ya wizara ya mambo ya nje. Kwa mtu anayejali heshima ya Uingereza duniani, ni vigumu kutaja fedha iliyonunua heshima zaidi.

Kuhusu mfuko wako: leseni inahitajika kwa matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote, kwa kifaa chochote, na kwa iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni. Hiyo inajumuisha chaneli za kigeni, kwa hiyo mechi ya Simba na Yanga mubashara kwa simu ukiwa Reading inahesabika. Filamu za kuchagua mwenyewe kwenye Netflix na video za kawaida za YouTube hazihitaji leseni. Kama huhitaji, toa tamko kwenye tovuti ya TV Licensing. Mkaguzi hana haki ya kuingia bila hati ya mahakama. Faini ni hadi pauni 1,000.

Vyombo vipi vinasema kwa niaba ya mrengo wa kulia?

Daily Telegraph, Daily Mail, The Sun, na jarida la The Spectator lililoanzishwa 1828 na kununuliwa na Paul Marshall mwaka 2024 kwa pauni milioni 100. GB News ilianza kurusha Juni 2021. Sheria inatofautiana: televisheni na redio, GB News ikiwemo, zinasimamiwa na Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, na hudaiwa kutopendelea, magazeti yana uhuru wa kupendelea watakavyo. Ukisoma Telegraph, tenganisha ukurasa wa habari na ukurasa wa maoni. Wanaonukuliwa huku kwetu kama "gazeti limefichua" mara nyingi ni waandishi wa safu.

Naweza kushtakiwa kwa nilichoandika kwenye kundi la WhatsApp?

Ndiyo. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Mawasiliano ya 2003 kinagusa ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, na maafisa wa polisi wamewahi kuhukumiwa kwa ujumbe wa kundi la faragha. Wahafidhina wengi wanataka kifungu hicho kipunguzwe makali. Tunakubaliana nao, uchochezi wa fujo una sheria zake tayari.

Wahafidhina wanasema historia ya dola ya Kiingereza inachafuliwa. Msomaji wa Afrika Mashariki alichukuliaje hilo?

Kwa rekodi nzima. Wanaposema Uingereza ilitumia nguvu zake kuukomesha utumwa, wana ushahidi: mkataba wa Juni 5, 1873 ulioandikwa chini ya shinikizo la manowari zao ulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Wanapotaka hadithi iishie hapo, wanakosea.

Machi 3, 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, na maafisa wakadai kwanza kwamba ni maji waliyokunywa. Serikali ilikuwa ya Conservative. Julai 27 mwaka huo mbunge wa chama hicho hicho alisimama usiku bungeni akaikabili serikali yake, akisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine Afrika. Alikuwa Enoch Powell, yule yule aliyetoa Aprili 1968 hotuba ya Birmingham dhidi ya uhamiaji, akafukuzwa baraza kivuli na Edward Heath kesho yake. Heath naye, akiwa waziri mkuu mwaka 1972, aliwapokea zaidi ya Waasia 27,000 waliofukuzwa na Idi Amin, licha ya kelele za chama. Juni 6, 2013 waziri wa mambo ya nje wa Conservative, William Hague, aliliambia Bunge kwamba serikali inasikitishwa na mateso ya Kenya, na fidia ya pauni milioni 19.9 ikatangazwa kwa waathirika 5,228.

Haya yote ni historia ya wahafidhina. Anayetaka kuihifadhi historia aihifadhi pamoja na Hola.

Ni kweli viongozi kadhaa wa wahafidhina wana asili ya kwetu?

Ni kweli. Baba yake Rishi Sunak, waziri mkuu hadi 2024, alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Kati ya waliowahi kuwa mawaziri wa mambo ya ndani, wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda, na baba yake Suella Braverman, aliyehamia Reform Januari 2026, alitoka Kenya.

Nikiwa na shida au hoja, mbunge wa chama nisichokipenda atanisikiliza?

Anapaswa, na uraia wako si kigezo. Kigezo ni kuishi jimboni. Tafuta jina lake kwa kuingiza postikodi yako kwenye tovuti ya Bunge. Katika barua pepe weka jina kamili na anwani yenye postikodi, maana ofisi nyingi haziendelei na ujumbe usio na anwani. Taja jambo moja, weka tarehe na namba ya kumbukumbu ya wizara husika, na sema unachotaka afanye: aandike kwa waziri, aulize swali bungeni, au akupe miadi ya kuonana naye jimboni. Kwa ombi la viza lililochelewa, ambatisha idhini iliyosainiwa ili wizara ya mambo ya ndani iweze kumjibu kuhusu faili lako. Usitume barua moja iliyonakiliwa kwa wabunge wote 650. Kwa desturi ya Bunge, mbunge hashughulikii wakazi wa jimbo la mwenzake.